Muulize beberu mamake ni nani: mbuzi wa maziwa na nyama kwa sie wa Muheza na Tanga

Beberu wangu wa kwanza nilimnunua kwa macho tu. Boer, kichwa chekundu mwili mweupe, kifua kama pipa, watu pale mnadani walikuwa wanasimama kumtazama na mimi nikajiona nimepata. Nyumbani nilikuwa na majike sita machotara, wawili kati yao nawakamua lita moja na nusu kila asubuhi, nikasema basi sasa napata nyama juu ya maziwa. Watoto wakaja wanene kweli, madume wakauzika vizuri sina malalamiko, ila sasa mabinti. Wale majike waliozaliwa na yule bwana walipokuja kuzaa wenyewe kiwele kama ngumi ya mtoto, unakamua vikombe viwili na hapo kitoto chake hakijashiba. Karibu miaka miwili ilikuwa imeshakwenda ndo nikaelewa kwamba maziwa ya zizi zima nimeyashusha kwa mkono wangu mwenyewe na hela nimetoa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza habari za mbuzi wa maziwa na nyama mimi sianzi na mbao wala mabati, naanza na beberu. Jike akiwa mbovu ni hasara ya jike mmoja, unamuuza yameisha. Beberu yumo kwenye kila kitoto kitakachozaliwa pale kwako, na mabinti zake ndo mama zako wa kesho. Boer sio mbuzi mbaya, Waafrika Kusini wamemtengeneza kwa ajili ya nyama na kazi yake anaifanya, ukiwa na shida ya nyama peke yake mchukue. Mimi nilimpa kazi isiyo yake.

Tuelewane kwanza hesabu yenyewe. Kwenye ufugaji wa namna hii maziwa ni ya mama na nyama ni ya madume, pamoja na majike unaowaondoa kwa uzee au uvivu. Hutapata mbuzi mmoja anayeongoza kote kote, ukimtafuta huyo utazunguka mkoa mzima. Unachotafuta ni jike anayekupa lita moja mpaka moja na nusu kwa siku juu ya ile anayonyonya mwanae, anazaa mapacha mara nyingi, na dume lake likifika mwaka lina kilo ishirini na tano kwenda juu. Huyo anatosha kabisa kulipa ada na kununua pumba.

Sasa mbegu gani. Hapa watu wa Tanga tunapotea kwa sababu mkoa wetu ni kama nchi mbili. Mtu wa Lushoto kule juu kwenye baridi anafuga Saanen au Toggenburg na wanamkubali, maana hao asili yao Uswisi milimani. Wewe wa Pongwe, Muheza mjini au Pangani ukimwona Saanen wa jamaa yako Lushoto anatoa lita tatu ukatamani, ukamshusha huku chini, atakuhangaisha. Ni mweupe ngozi yake ya pinki, jua linamuunguza mpaka chuchu na masikio, joto likizidi hali, asipokula maziwa hayapo, alafu unyevu wa huku kwetu unamletea mapafu. Toggenburg, yule wa kahawia mwenye mistari miwili myeupe usoni, anavumilia kidogo zaidi lakini na yeye raha yake ni baridi.

Kwa ukanda wa pwani mimi nimeangukia kwa Anglo-Nubian. Huyu alitengenezwa Uingereza karne ya 19 kwa kuchanganya mbuzi wao wa kule na mabeberu waliotoka India, Mashariki ya Kati na Afrika ya kaskazini, ndo maana ana yale masikio marefu ya kuning'inia na pua ya kupinda kama kasuku. Damu ya nchi za joto anayo. Maziwa yake kwa wingi hayamfikii Saanen ila ni mazito, yana mafuta, chai ya maziwa yake ukiionja utajua, na mwili anao, dume lake linajaza. Kelele tu. Nubiani akiwa na njaa mtaa mzima utajua, na akiwa kwenye joto la kutaka dume ndo usiseme.

Wapo na wengine. Mbuzi wa Malya waliotengenezwa kule Kwimba, Mwanza, kwa kuchanganya Kamorai wa Pakistan, Boer na wa kienyeji, ni mbuzi wazuri wa mwili na wanahimili ukame, mtu wa Handeni angewafikiria. Galla yule mweupe wa kaskazini ya Kenya, wengine wanamwita Isiolo, naye mama mzuri kwa sehemu kavu. Huku kwetu kwenye minazi na umande sijaona faida ya kuwahangaikia.

Ila majike wa kuanzia, wachukue wa kienyeji au machotara. Mbuzi wa kienyeji ni mdogo na maziwa yake ni ya kuonja, lakini minyoo ya huku anaijua, kupe anawajua, na anakula chochote. Unampandisha na beberu Nubiani, kitoto kinachotoka ni nusu kwa nusu, na hiyo nusu ya kwanza ndo tamu kuliko zote, anakuwa mkubwa kama babake na mgumu kama mamake. Binti huyo ukimpandisha tena kwa Nubiani mwingine asiye na undugu naye unapata robo tatu, maziwa yanaongezeka na matunzo yanaongezeka pia, yani hapo uwe na majani ya kukata kila siku na dawa mkononi. Mimi nimesimamia hapo. Kuna watu wanapanda mpaka damu kamili, sawa, wana hela na wana muda. Na usifanye kosa la kupandisha chotara nusu kwa chotara nusu mwenzie ukadhani utabaki na nusu nzuri ile ile, watoto wanatoka kila mtu na lake, mmoja Nubiani mtupu mwingine kama hajawahi kusikia habari ya Nubiani.

Kumchagua jike. Usinunue jike wa maziwa mnadani, nenda nyumbani kwa mwenyewe. Pale mnadani kuna mchezo wa zamani sana, jike hakamuliwi siku nzima au mbili, kiwele kinajaa kinang'aa kama puto, unanunua ukifika nyumbani baada ya siku mbili unakuta kibahasha. Nilishaenda kwa mzee mmoja kumuona jike, kiwele kimefura mpaka mbuzi anatembea miguu imeachana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu. Mbuzi mwenyewe ndo huyu."

"Ahsante mzee. Huyu kazaa lini?"

"Kazaa juzi juzi tu hapa."

"Juzi ipi mzee, kabla ya mfungo au baada?"

Akanitazama akacheka, "Mwanangu, wewe wanunua mbuzi au waja kuhesabu watu?"

Tukacheka wote lakini swali sikuliacha, kwa sababu mbuzi anapanda kwa maziwa wiki ya sita mpaka ya nane hivi tangu azae, baada ya hapo anashuka pole pole. Anayetoa lita moja na nusu ana miezi miwili tangu azae na anayetoa hiyo hiyo akiwa na mwezi wa tano sio mbuzi sawa hata kidogo, wa pili ndo wa kuuza shamba ukamnunue. Nikamwambia mzee naomba tumkamue jioni hii mpaka aishe, kitoto tukifunge pembeni, mimi nirudi asubuhi. Akakubali, mzee muungwana kumbe. Jioni tukamaliza yote, nikashika kiwele: kimelegea, kimekunjana kama soksi iliyovuliwa. Hapo nikatulia. Kiwele cha maziwa kikikamuliwa kinaisha, ukikamua ukamaliza na bado kimesimama vile vile hicho ni kiwele cha nyama, kikubwa bure. Asubuhi saa 12 nikarudi na chupa yangu ya lita, ikajaa ikabaki kidogo kwenye sufuria. Nikalipa.

Hilo zoezi la jioni na asubuhi ndo kipimo, mengine yote ni maelezo. Ukiwa unakamua angalia pia chuchu ziwe mbili tu, zinazokaa vizuri vidoleni, zisiwe na vitoto vya chuchu pembeni, na matone ya kwanza yakamulie kwenye kitambaa cheusi, ukiona mabonge mabonge au majimaji, kiwele kinaumwa. Kibonyeze taratibu usikie kama kuna uvimbe mgumu ndani, upande uliokufa hauamki tena. Mfungue mdomo. Mbuzi hana meno ya mbele juu, ya chini ndo yanakwambia umri, meno mawili makubwa yakiwa yametoka ana kama mwaka na kitu, manne miaka miwili hivi, sita mitatu, nane yote amefika minne, na yakianza kuachana na kuvunjika huyo ni bibi hata ukiambiwa kazaa mara mbili tu. Taya la chini likutane sawa na ufizi wa juu, likitokeza au likirudi nyuma hatakata majani vizuri na watoto wake watarithi. Mwisho vuta kope la chini la jicho uangalie ndani, liwe jekundu au pinki iliyokolea. Likiwa jeupe kama karatasi minyoo imemnyonya damu.

Beberu sasa. Maswali yangu kwake ni kuhusu mamake. Mamake yuko wapi, anatoa ngapi, kiwele chake kimekaaje, alizaliwa pacha? Muuzaji asipoweza kukuonyesha mama wala dada yake huyo ni wa kitoweo, hata awe na sura ya picha ya kalenda. Dume halina kiwele uone, lakini maziwa linayabeba, linayapeleka kwa mabinti. Baada ya hapo ndo unaangalia mwili wake: kende mbili zilizolingana, ngumu kiasi, zimeshuka vizuri, yenye moja au moja ndogo usichukue. Miguu ya nyuma iwe na nguvu maana ndo anayosimamia kazini, mgongo usibonyee. Beberu wa miezi kumi mpaka mwaka anaweza kuanza kazi kwa majike wachache, akikomaa anamudu ishirini na tano mpaka thelathini.

Kuna kitu cha pembe ambacho wengi hawakijui. Wapo mbuzi wanaozaliwa hawana pembe kabisa, na watu wanawapenda kwa sababu hawachomani. Beberu asiye na pembe za kuzaliwa ukimpandisha kwa jike asiye na pembe za kuzaliwa, baadhi ya watoto wa kike wanatoka huntha, yani si jike si dume. Jirani yangu alikuwa na mapenzi na hao, zizi lote vipara, akapata "jike" mzuri mrefu akamtunza mwaka mzima hapandwi, hashiki, alafu akaanza kunuka beberu na kuwapanda wenzie. Tulipomgeuza tukaona sehemu zake za kike zimevimba zimetokeza kama kidole. Akaishia kwenye sufuria. Dawa yake rahisi tu, kati ya wawili mmoja awe na pembe, au alizaliwa nazo zikachomwa, huyo naye anahesabika ana pembe.

Kupandisha kwenyewe. Ulaya mbuzi wa maziwa wanapata joto msimu siku zikiwa fupi, huku kwetu mwaka mzima, kwa hiyo wewe ndo unapanga. Joto linakuja kila baada ya siku 21 hivi na linakaa siku moja mpaka moja na nusu. Utamwona anapiga kelele bila sababu, mkia unapepea kama feni, nyuma pamevimba pekundu kuna ute, chakula anakidharau, na maziwa siku hiyo yanapungua. Ukimwona asubuhi mpeleke kwa beberu jioni na urudie kesho yake asubuhi. Kama beberu huna hapo nyumbani, chukua kitambaa kikuukuu kamfutie beberu wa mwenzio pale nyuma ya pembe panaponuka, kiweke kwenye kopo la mfuniko, kila asubuhi mnusishe jike, siku ya joto utaona anavyobadilika. Mke wangu alikutana na lile kopo jikoni akalifungua akidhani samli, sitaki kukumbuka siku ile.

Binti asipandwe mpaka afike kama theluthi mbili ya uzito wa mkubwa wa aina yake, kwa machotara wangu nasubiri kilo 28 mpaka 30, ni kama mwaka hivi. Tatizo vitoto vya kiume vinaanza utundu vikiwa na miezi minne na vya kike vinaweza kushika mimba kwenye miezi mitano, kwa hiyo ukifika mwezi wa tatu watenganishe, usiseme bado wadogo. Binti akizaa mdogo anadumaa na maziwa yake hayafiki kamwe.

Mimba ni siku 150, miezi mitano. Hapa ndo kalenda yetu ya Tanga inaingia. Masika Machi mpaka Mei, na vitoto vikizaliwa kwenye masika huku pwani unazika, baridi ya usiku, tope, mapafu, kuhara. Mimi nawapandisha katikati ya Januari mpaka mwisho wa Februari, wanazaa kuanzia katikati ya Juni mpaka Julai, mvua imekatika lakini majani bado yapo kibao mama anapata cha kutengenezea maziwa. Wiki mbili tatu kabla ya kupandisha naongeza pumba, kibaba kila jioni, mbuzi anayenenepa wakati huo anashika haraka na mapacha yanaongezeka. Na majike wakiwa mbali na beberu kwa muda alafu ukamleta ghafla, wengi wanapata joto ndani ya siku chache, basi watazaa kwa pamoja na wewe utakesha mara moja badala ya mara kumi.

Andika. Daftari langu limening'inizwa kwa kamba ya katani mlangoni pa banda, tarehe ya kupandwa, beberu gani, nikihesabu siku 21 hajarudi naweka tiki. Bila tarehe hutajua lini umkaushe. Jike mwenye mimba anaachwa kukamuliwa miezi miwili ya mwisho ili kiwele kipumzike, na huo ndo muda wa kumwongezea chakula kidogo kidogo maana vitoto vinakua sana mwishoni. Dawa ya minyoo aina ya albendazole usimpe mwezi wa kwanza wa mimba, inaweza kuharibu kitoto, muulize mtaalamu wa mifugo wa kata akupe nyingine.

Siku ya kuzaa mwache afanye kazi yake, usivute vute. Akisukuma zaidi ya nusu saa kwa nguvu hakuna kinachotokeza ndo uite mtu. Kitoto kikitoka futa pua, kitovu kichovye kwenye ayodini, na ndani ya saa moja kiwe kimenyonya dang'a, yale maziwa mazito ya njano. Hayo ndo chanjo yake ya kwanza, mwili wake haujui kujikinga mpaka uyapate. Watu wengine dang'a wanaimwaga chini eti uchafu, alafu wiki ya pili wanalia kitoto kimekufa na kijicho.

Maziwa mnagawanaje na kitoto? Hapa ndo ufundi wa maziwa na nyama ulipo, maana ukimkamua mama mpaka tone la mwisho dume lako la kuuza linakonda, na ukimwachia mtoto yote wewe unafuga tu. Wiki mbili za kwanza mwachie mtoto yote. Kuanzia wiki ya tatu jioni unawatenga, mtoto kwenye kijibanda chake anamwona mama lakini hanyonyi, asubuhi unakamua wewe, alafu mchana kutwa wako pamoja. Mara moja kwa siku, basi. Vitoto vinakua, unapata lita yako, na usiku ule vinajifunza kutafuna majani. Miezi mitatu unaachisha, ukitaka ukamue mara mbili kuanzia hapo. Beberu awe mbali na sehemu ya kukamulia, upande wa chini wa upepo, harufu yake inaingia kwenye maziwa kama moshi unavyoingia kwenye uji. Na chemsha maziwa, usimsikilize anayekwambia ya mbuzi yanywewe mabichi ni dawa, ugonjwa wa kutupa mimba kwa mbuzi ndo huo huo unaompa mtu homa za miezi.

Chakula huku kwetu hakuna sababu ya kulia. Mbuzi hapendi kuinama, anapenda majani ya juu: lukina, glirisidia, mlonge, na majani ya mfenesi ndo pipi yao, funga tawi ukutani uone. Majani ya muhogo yaanike yanyauke kwanza, mabichi yana sumu. Machicha ya nazi mazuri lakini ya siku hiyo hiyo, yakilala yanachacha na tumbo linaharibika. Machungwa yaliyokataliwa na walanguzi Muheza wanakula, mimi nawapa machache. Anayekamuliwa ongezea pumba na mashudu kama nusu kilo kwa kila lita anayotoa, jiwe la chumvi lisikosekane na maji safi, maziwa ni maji.

Banda linyanyue kutoka chini kama mita moja, sakafu ya mbao zenye nafasi ya sentimita moja na nusu hivi, mavi yadondoke kwato isizame. Wasiende malisho mpaka umande ukauke, saa nne, kwa sababu vijidudu vya minyoo vinapanda kwenye majani mafupi yenye umande. Kope nakagua kila wiki mbili, na dawa ya minyoo nampa mwenye kope jeupe, siwapi wote kila mwezi, ukizidisha minyoo inazoea. Chanjo za homa ya mapafu na sotoka ya mbuzi na kondoo usiziruke. Upande wa Pangani kuelekea Saadani kuna mbung'o, uliza wenyeji kabla ya kupeleka Nubiani wako. Mgeni yeyote akae peke yake wiki tatu kabla ya kuchanganyika, na akitoka wilaya nyingine uwe na kibali cha kusafirisha.

Madume ambayo hayatakuwa mabeberu nahasi yakiwa na miezi miwili mitatu kwa ile koleo ya budizo inayobana mishipa ya kende, aje mtaalamu, haitoki damu. Nyama haitanuka na ndafu anatulia ananenepa. Usiuze kwa kukisia, chukua futi ya fundi cherehani: pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, pima urefu kuanzia ncha ya bega mpaka mfupa wa makalio, kwa sentimita. Kifua mara kifua, mara urefu, gawanya kwa 10,800. Kifua 70, urefu 62, unapata kilo 28, na nyama hapo pamoja na mifupa ni kilo 12 mpaka 13. Mnunuzi akikwambia "huyu hafiki hata ishirini" unamwonyesha simu.

Harusi, hitma na maulidi wanachukua hata wa miezi kumi. Udhhia ni habari nyingine, sie wengi huku ni Shafii na mbuzi anatakiwa awe ametimiza miaka miwili, asiwe chongo, kiwete, mgonjwa wala aliyekonda, aliyehasiwa anakubalika. Akika nayo inafuata masharti hayo, na mtoto wa kiume ni mbuzi wawili. Watu watafungua mdomo kuhesabu meno kwa hiyo usijaribu kudanganya. Idd inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na kwa sasa imesogea Mei, maana yake dume wangu wa Juni anakosa miaka miwili kwa wiki chache tu, inabidi asubiri Idd ya mwaka unaofuata akiwa na karibu mitatu. Kumlisha mwaka mzima zaidi hailipi kwa wote. Nabakisha wanne wenye miili, waliobaki naachana nao mapema.

Jambo la mwisho ni undugu. Ukihesabu, mimba miezi mitano, binti mwaka mmoja, maana yake mwaka na nusu tangu beberu aingie kwako mabinti zake wanaanza kuwa tayari kwa kupandwa na yeye yumo humo humo. Akiwapanda unapata vitoto dhaifu, vidogo, vya ajabu ajabu. Kununua beberu mpya kila mara ni gharama, kwa hiyo tumejipanga watatu, mimi hapa Muheza, mmoja Maramba, mmoja Pongwe, kila mtu ana beberu wa ukoo tofauti, ikifika mwaka na nusu wanahama. Wa kwangu anakwenda Pongwe mwezi ujao, wa Maramba anakuja kwangu. Jumapili nilikwenda kumwona mamake, nikalala huko huko, jioni tukammaliza, asubuhi nikamkamua kwa mkono wangu. Ana miezi mitano tangu azae. Chupa ya lita ilijaa, na kikombe kikubwa cha chai juu yake.